Je, Wajua? Muhogo wa Maskati Huenda Umepakwa Nta

Ukiuona muhogo uking'aa kwenye duka la mboga mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, ukwaruze kwa ukucha. Ikitoka nta, usidhani umetapeliwa. Muhogo ukishang'olewa hauna subira: ndani ya siku mbili tatu nyama yake huanza kuingia mistari ya buluu iliyoiva. Ndiyo maana unaosafirishwa mbali mara nyingi huchovywa kwenye nta ya parafini, hewa isipenye, nao ukakaa wiki kadhaa. Nta yote huondoka na ganda.

Wanunuzi ni akina nani? Kwanza Waomani wenye asili ya Zanzibar, waliokuja baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Kwao futari bila muhogo wa nazi haijakamilika. Pili ni Wahindi wa Kerala, wanaouita kappa na kuula kwa mchuzi wa samaki wenye pilipili ya kutosha. Kila upande huuona wake, ilhali asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno ndio walioufikisha Afrika.

 

Kabla hujalipia muhogo, omba ukatiwe ncha. Ukiwa mweupe pe, chukua.