Bunduki Haimilikiwi Kama Ng'ombe

Kila mara risasi inapofyatuliwa katika baa au barabara ya jijini, magazeti yetu hayakosi kumtaja "mmiliki halali wa bunduki". Neno hili nimelisoma kwa miaka mingi, na nadhani limetupotosha. Vijana wetu, ambao tayari wameshiba filamu za Marekani, wanaliona kuwa ithibati kwamba bunduki hununuliwa kama redio: mwenye pesa huingia dukani, akalipa, akatoka nayo.

Kumiliki ni neno zito. Ni la ukoo mmoja na milki, mamlaka na hata malkia. Anayemiliki ng'ombe humuuza, humchinja au humtoa mahari apendavyo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimjui mmiliki wa aina hiyo. Ilitungwa katika miaka ya 1950, enzi ya Hali ya Hatari, na serikali ya kikoloni iliyoogopa mno silaha mikononi mwa raia. Inachozungumzia ni kununua, kupata na kuwa na silaha, na yote matatu ni makosa kwa asiye na cheti. Wamarekani waliitia haki ya kubeba silaha katika katiba yao mwaka 1791. Katiba yetu ya 2010, pamoja na wingi wa haki zilizomo, haina kifungu kama hicho. Kwetu sisi bunduki ni idhini, na aliyeitoa aweza kuitwaa.

Ndiyo maana cheti hutangulia bunduki. Mfanyabiashara wa silaha, ambaye naye sharti awe amesajiliwa, haruhusiwi kumuuzia mtu asiyekionyesha. Cheti chenyewe hutaja aina ya silaha, idadi yake na kiasi cha risasi ambacho mwenyewe aweza kuwa nacho kwa wakati mmoja. Hudumu mwaka mmoja tu, kisha huombwa upya. Tangu marekebisho ya sheria za usalama ya 2014, uamuzi umo mikononi mwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, na mnamo Desemba 2018 serikali iliwaamuru raia wote waliokuwa na vyeti wajitokeze kupigwa msasa upya katika muda wa siku 90. Hakuna mwenye ng'ombe aliyewahi kuamriwa hivyo.

Na mwombaji hupimwa kwa nini? Sheria inataka asiwe mtu wa ulevi, asiwe na kichaa, wala asiwe mtu ambaye kuwa kwake na silaha kutahatarisha usalama wa umma. Mambo haya yana vipimo, ijapokuwa sijui ni afisa gani awezaye kuuona ulevi wa mtu katika fomu. Lakini juu ya hayo, mwombaji sharti awe na kile ambacho nakifasiri kuwa "sababu nzuri" ya kuitaka silaha. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu maneno hayo ya Kiingereza wayatafsiri. Mmoja aliandika sababu ya msingi, mwingine sababu ya haki, wa tatu sababu inayokubalika. Msichana aliyeketi nyuma akauliza: inayokubalika na nani?

Swali hilo sheria haikulijibu, kwani haikuziorodhesha sababu hizo. Zaidi ya hayo, sababu zenyewe hubadilika. Uwindaji wa kujifurahisha ulikuwa sababu nzuri kabisa hadi ulipopigwa marufuku mwaka 1977. Leo mfanyabiashara wa Nairobi anayebeba fedha nyingi aweza kuieleza hofu yake kwa Kiingereza safi, akaeleweka. Mchungaji wa Baringo au Turkana, ambaye amewazika ndugu zake baada ya uvamizi wa wezi wa mifugo, ana hofu iliyo kubwa zaidi, lakini aghalabu hajui kwamba kuna fomu.

Sisemi kwamba mchungaji apewe bunduki. Bunduki za rashasha zilizotapakaa kaskazini haziwezi kuhalalishwa kwa raia yeyote. Kenya ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayozikataza kabisa mikononi mwao. Jibu la serikali kwa wafugaji limekuwa polisi wa akiba, ambao silaha zao ni mali ya dola. Ninalolalamikia ni kwamba raia wawili husimama mbele ya maneno mawili yasiyofafanuliwa, tena ya lugha ambayo mmoja wao haimiliki. (Hapo neno hilo linafaa.)

Kiswahili ni lugha rasmi ya Jamhuri kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba. Bodi ingeweza kuchapisha, kwa Kiswahili na katika ukurasa mmoja, sababu inazozikubali na zile inazozikataa, na ukurasa huo ukabandikwa katika kila kituo cha polisi, kuanzia Kilimani hadi Lokichar. Walimu wenzangu wa Kiswahili nao wanaweza kuanza na kazi ndogo zaidi. Mwanafunzi akiandika katika insha kwamba fulani "anamiliki" bunduki, mpigieni mstari mwekundu, kisha mwambieni aandike kwamba ameruhusiwa kuwa nayo hadi cheti chake kitakapokwisha.