Dubu wa kale wa kuchezea: umri pekee haupandishi bei

Desemba 1994, katika jumba la mnada la Christie's, South Kensington, London, dubu wa kuchezea aliuzwa kwa pauni 110,000 za Uingereza. Dubu huyo, Teddy Girl, alitengenezwa mwaka 1904 hivi na kiwanda cha Steiff cha Giengen, Ujerumani. Wapo dubu wengi wa kiwanda hicho, wa umri kama wake, ambao hawakaribii hata robo ya fedha hizo. Hapo ndipo wanunuzi wageni wanapoumia: hudhani wananunua miaka.

Umri si adimu katika soko hili. Richard Steiff alibuni dubu mwenye viungo vinavyozunguka mwaka 1902, na katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1903 mfanyabiashara wa Marekani aliagiza 3,000. Kufikia 1907 kiwanda kilitoa dubu wapatao 974,000 kwa mwaka mmoja. Adimu ni yule aliyepita mikononi mwa watoto akabaki mzima.

Alama ya kwanza kutafutwa ni kifungo cha chuma katika sikio la kushoto, kilichoanza kutumika mwaka 1904. Vya mwanzo vilichorwa tembo. Baadaye likaandikwa jina la kiwanda. Lakini kifungo ni kitu kidogo, na hung'olewa kwa dubu mbovu kikabandikwa kwa wa bandia. Kwa hiyo mthamini makini hukiangalia mwisho.

Kwanza humshika dubu. Wa kale alijazwa nyuzi nyembamba za mbao, na akibonyezwa hutoa mlio wa kukwaruza. Kuanzia miaka ya 1920 viwanda vingi viligeukia sufi, ileile ya mito na magodoro ya pwani yetu, na dubu akawa mwepesi na laini. Ngozi yake iwe ya manyoya ya mbuzi wa Angora. Mikono iwe mirefu, pua imechongoka, na mgongoni awe na nundu. Macho ya mwanzo yalikuwa vifungo vyeusi vya viatu, kisha yakaja ya kioo. Macho ya plastiki humleta dubu baada ya Vita Kuu ya Pili, labda yawe yamebadilishwa. Taa ya miale ya urujuani nayo husaidia, kwani nyuzi nyingi za kisasa hung'aa chini yake, na mshono wa juzi hujifichua.

Hasara kubwa zaidi huletwa na wenye mali wenyewe. Mtu hurithi dubu wa bibi yake, humfua kwa sabuni, humtia macho mapya na kumshonea nyayo mpya, kisha humpeleka sokoni akitarajia shukrani. Ameondoa kile kile kilichokuwa kinauzwa. Vumbi huondolewa kwa brashi laini. Nondo na kitambaa kinachooza ni kazi ya fundi wa vitu vya kale.

Baada ya hapo kuna historia. Teddy Girl alikuwa wa Kanali Bob Henderson, mkusanyaji mashuhuri aliyekuwa naye tangu utotoni, na hilo halikuhitaji kubuniwa. Dubu mweusi wa Steiff wa mwaka 1912, mwaka ilipozama Titanic, aliuzwa Desemba 2000 kwa pauni 91,750: rangi yake ilitengenezwa kwa idadi ndogo, na kisa kilimfuata. Picha ya zamani ya mtoto akiwa na dubu wake, yenye tarehe, ina thamani kuliko maneno ya muuzaji.

Jumba lililouza dubu hao wawili lilifungwa mwaka 2017. Anayetaka kukadiria leo na alinganishe bei zilizolipwa minadani, si zile zinazoombwa madukani, tena za miaka ya karibuni. Aidha aulize kama bei iliyotangazwa ina ada ya mnunuzi ndani yake, kwani ada hiyo haimfikii muuzaji, naye hukatwa kamisheni yake kando.