Breki za Gari la Mazao: Uchunguze Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye gari la kuchukulia mazao yake, na kwa wale walionunua gari moja kwa shirika. Mfugaji akiona ng'ombe wake amekonda, hutazama ulimi, kinyesi na malisho kabla ya kutafuta dawa. Lakini gari likishindwa kusimama vema, mtu yule yule huenda dukani akanunua pedi mpya; zisipomfaa hununua masta silinda; na fedha za mbegu huishia huko, na ubaya ungali pale pale.

Fikiri njia ya kutoka Lushoto kwenda Mombo. Ni kilomita 33 hivi zenye kona nyingi, na gari lililojaa kabichi na viazi hushuka karibu mita 1,000. Pale si mahali pa kujaribu breki. Hapana budi uchunguzi ufanyike nyumbani, penye uwanja tambarare, na magurudumu yazuiliwe kwa mawe. Tena usiingie kamwe chini ya gari linalotegemea jeki peke yake.

Ukikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta katika mabomba, na mafuta hayo husukuma pedi zibane diski, au viatu vya breki vitanuke ndani ya dramu. Mafuta hayakubali kubanwa, upepo hukubali. Neno hili moja laeleza mengi yafuatayo.

Basi anza kwa mguu wako. Pedali ikibonyea kama godoro, umo upepo katika mabomba, nao hutolewa bila kununua kitu ila mafuta kidogo. Lakini uulize ulikoingilia. Ikiwa yashuka mbali, kisha yapanda na kuwa imara ukiipiga mara mbili, mara nyingi viatu vya nyuma vimekuwa mbali na dramu, navyo vyataka kukazwa tu. Ikiwa ni imara mwanzo, nawe ukiishikilia kwa nguvu moja yazama polepole, mafuta yanapita mahali. Tazama ndani ya kila gurudumu, mipira na viungo vya mabomba. Usipoona unyevu popote, hata pale masta silinda inaposhikamana na busta, ndipo uwezapo kudhani kwamba raba zilizo ndani ya masta silinda zimechakaa.

Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na gari halisimami, jaribu busta. Zima injini, piga pedali mara tano hivi mpaka iwe ngumu, ishikilie kwa mguu, kisha uwashe injini. Busta ikiwa nzima, pedali itashuka kidogo. Isiposhuka, tazama kwanza mpira uvutao upepo kutoka katika busta. Huenda umepasuka, na bei yake ni ndogo sana kuliko busta nzima. Fundi asemaye "ni busta" kabla ya kuugusa mpira huo, mwulize ameonaje.

Sasa nakuja kwa jambo linalowadanganya hata mafundi wazuri. Dereva asema pedali ilikwenda mpaka chini katikati ya mteremko. Gari laletwa karakana, fundi akanyaga, aona haina neno. Wote wawili wasema kweli. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya kufika digrii 205. Yakiisha kuingiwa na maji huweza kuchemka kwenye digrii 140 hivi. Breki ikishikiliwa kilomita nyingi, joto hupita hapo, mafuta hugeuka mvuke, na mvuke hubanwa kama upepo. Gari likipoa, mvuke hurudi kuwa mafuta na dalili hupotea. Lakini kama pedali ilibaki imara chini ya mguu na gari likateleza mbele, basi pedi ndizo zilizopata moto mno. Kwa hiyo mwulize dereva sana habari za pedali ile. Dawa ya ugonjwa wa kwanza ni kubadili mafuta yote, na ya yote mawili ni kushuka kwa gia ndogo tangu juu. Hakuna kipuri kiwezacho kuondoa desturi ya kushuka kwa gia kubwa.

Gari likivuta upande mmoja, pima upepo wa matairi kwanza. Kisha endesha mwendo mfupi, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lililo baridi kuliko mwenzake halifanyi kazi. Labda pedi imelowa mafuta. Lililo moto mno linashikwa. Hilo uliinue, ufungue skrubu ndogo ya kutolea upepo: likizunguka huru, mafuta yamezuiliwa nyuma, na mara nyingi mpira wa breki umevimba ndani ijapokuwa nje ni mzuri. Likiwa bado limeshikwa, pistoni au pini zake zimeganda kwa kutu.

Mlio mkali mwembamba huonya kwamba pedi zinakwisha. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma huonya kwamba zimekwisha. Chombo cha mafuta kikipungua, usijaze tu. Mafuta hayo hayaliwi kama petroli: ama pedi zimekonda, ama yanavuja.

Ufunguapo dramu, usilipulize vumbi lake, maana pedi nyingine za zamani zina asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Pedi hubadilishwa kulia na kushoto pamoja. Mafuta yaliyotoka wakati wa kutoa upepo usiyarudishe katika chombo, wala usiyafidie kwa mafuta ya injini, maana hayo huvimbisha kila raba iliyomo. Jaribu gari tupu kwanza, kwa mwendo wa mtu atembeaye, ndipo upakie.