Hadithi za Picha za Angani (4): Mkono Uliomchora Dan Dare

Juma lililopita tulimwacha Flash Gordon kwenye sayari ya Mongo, nikaahidi kwamba leo tungehamia kwa Waingereza. Ahadi hiyo imekuja kwa wakati wake. Aprili 14 mwaka 2025, gazeti la watoto la Eagle lilitimiza miaka 75 tangu toleo lake la kwanza, na jina la shujaa wake Dan Dare, rubani mwenye nyusi zilizochongoka nchani, likarudi midomoni mwa watu. Msomaji mmoja ameniandikia kuuliza: kati ya majuzuu yanayouzwa siku hizi yenye hadithi hizi za zamani, anunue lipi? Nitamjibu. Ila anivumilie kidogo, maana juzuu zuri huwezi kulijua kama hujui kurasa zake zilitengenezwa vipi, na yule aliyezitengeneza alipata nini.

Eagle lilianzishwa na mtu wa kanisa. Marcus Morris alikuwa kasisi wa Kianglikana huko Birkdale, pembeni mwa mji wa Southport, na alichukizwa na katuni za kutisha kutoka Marekani zilizokuwa zikiingia mikononi mwa watoto. Wengine wangeishia kuhubiri na kudai zipigwe marufuku. Yeye alimtafuta mchoraji, akaamua kuwapa watoto kitu bora kuliko kile alichotaka wakiache. Hilo peke yake nalihesabu kuwa funzo kwa kila mzazi anayelalamikia simu ya mwanawe bila kumwekea kitabu mezani. Mchoraji aliyempata ni Frank Hampson, kijana aliyetoka vitani. Mwanzoni hata Dan Dare mwenyewe alikusudiwa awe kasisi wa kikosi cha angani. Baadaye wakamvua kola, wakamwachia uadilifu wake: Dan Dare hasemi uongo, na neno lake akishalitoa halirudi.

Karakana yao ilikuwa kiwanda cha zamani cha mikate katika kitongoji cha Churchtown, Southport. Habari za nyumba ile nimezisoma tangu ujana wangu na sijazichoka. Hampson hakuchora kwa kukisia. Alianza kwa kuchora ukurasa mzima kwa rangi, fremu kwa fremu, ukaonekana kama umekwisha. Mchoraji mwingine angeupeleka mtamboni siku hiyo hiyo. Kwake hiyo ilikuwa rasimu. Baada ya hapo wasaidizi wake walisimama kama fremu inavyotaka, huyu amepiga goti, yule ameinua mkono, taa ikiwamulika kutoka upande ule ule ambao mwanga wa hadithi unatokea, wakapigwa picha, na picha hizo ndizo zilizoongoza mchoro wa mwisho. Greta Tomlinson, mmoja wa wachoraji wa karakana, ndiye sura ya Profesa Peabody, mhusika tutakayekutana naye punde. Baba yake Hampson, polisi mstaafu, ndiye Sir Hubert Guest, mkuu wa kikosi. Vichwa vya wahusika vilifinyangwa kwa udongo. Vyombo vya angani viliundwa kwa mifano midogo, ili kivuli kikianguka ubavuni mwa chombo kianguke pale ambapo kingeanguka kweli. Mwandishi Arthur C. Clarke aliwashauri mambo ya sayansi siku za mwanzo. Kazi yote hiyo ilikuwa ya kurasa mbili tu kwa juma, na mara nyingi taa za karakana hazikuzimwa usiku.

Na hadithi yenyewe! Dunia ina njaa. Watu wamezidi chakula, na vyombo vinavyotumwa Zuhura kutafuta riziki vinalipuka kabla ya kutua. Mtoto wa Uingereza wa mwaka 1950 hakuhitaji kuelezwa njaa ni nini, kwa sababu nyumbani kwao nyama ilikuwa bado ya mgao, na mgao huo haukwisha hadi 1954. Mtaalamu wa lishe aliyeteuliwa kwenda Zuhura anatokea kuwa mwanamke, huyo Profesa Peabody, na wakubwa wanapigwa na butwaa. Huko Zuhura wanawakuta Treens, viumbe wa kijani wanaotawaliwa na Mekon, mwenye kichwa kikubwa kama boga na mwili mdogo kama wa mtoto, anayeelea hewani juu ya kiti chake. Mekon ana akili zote, hana huruma hata chembe. Katika Eagle msomaji wa miaka 10 alijifunza bila kuhubiriwa kwamba elimu isiyo na utu ni hatari, na mpaka leo sijaona hadithi ya picha iliyolieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Gazeti liliuzika mno. Dan Dare akatolewa kwenye saa, kwenye bunduki za kuchezea, kwenye mchezo wa Radio Luxembourg. Hampson? Haki zote za Dan Dare zilikuwa mali ya kampuni iliyolichapa gazeti. Yeye alikuwa mtu wa mshahara. Kampuni ilipouzwa mwaka 1959, wakubwa wapya waliona karakana inakula fedha nyingi, na mwaka huo huo Hampson akamwacha Dan Dare mikononi mwa wengine. Alichora maisha ya Yesu katika gazeti lile lile, kazi nzuri kupita kiasi, kisha akaondoka kabisa mwaka 1961. Miaka ya baadaye alifanya kazi ya ufundi katika chuo. Ilibidi Waitaliano, katika tamasha la Lucca la mwaka 1975, wasimame wampe heshima ya bingwa wa sanaa hii. Alifariki 1985.

Mimi mwenyewe sikulelewa na Eagle. Katika maktaba ya shule yetu kulikuwa na matoleo yaliyojalidiwa ya Look and Learn, gazeti jingine la watoto la Uingereza, na ndani yake hadithi ya Dola ya Trigan: Trigo, chifu wa wahamaji wa Vorg kwenye sayari ya Elekton, anayejenga mji na dola inayofanana na Roma, yenye mapanga na ndege za kivita kwa pamoja. Ile rangi! Ilipakwa kwa brashi fremu kwa fremu, hata mshipa wa shingo ya askari unauona ukitutumka, na vumbi la farasi likishika mwanga wa jioni. Tulizisoma kurasa zile hadi pembe zikalegea kama kitambaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua ni kazi ya nani. Leo najua. Mwandishi ni Mike Butterworth, mchoraji Don Lawrence, aliyeifanya tangu 1965. Mwaka 1976 Lawrence alibaini kwamba kurasa zake zilikuwa zimeuzwa nchi nyingi za Ulaya kwa miaka, naye hakupata mrabaha hata senti. Alipoomba nyongeza alinyimwa. Akaweka brashi chini, akaenda kuwachorea Waholanzi hadithi ya Storm, na ni hao Waholanzi walioikusanya Trigan baadaye katika majuzuu 12 ya fahari.

Sasa swali la msomaji wangu, na nafasi imebaki finyu. Magazeti ya juma yalichapwa yasomwe na kutupwa, na michoro asilia mingi ilitawanyika au ikapotea. Kwa hiyo mchapaji wa leo mara nyingi hana jingine ila kupiga picha ukurasa wa gazeti kuukuu na kuusafisha. Kabla hujalipa, fungua katikati ya juzuu, utazame uso wa mtu mmoja kwa karibu. Rangi ya ngozi ikiwa imegeuka bandiko moja la waridi, na mistari imekuwa minene, ukurasa umesafishwa hadi ukachubuka, rudisha rafuni. Karatasi ikiwa na umanjano kidogo lakini kivuli cha shavu bado kinapanda taratibu, hilo chukua. Wachapaji wa Titan walianza kutoa Dan Dare mwaka 2004, na kampuni ya Rebellion ya Oxford, iliyonunua ghala la katuni za zamani za Uingereza kwa awamu mbili, 2016 na 2018, ilianza kutoa Trigan mwaka 2020. Kwa anayeanza, achukue juzuu la kwanza la Trigan.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: juzuu hilo lina majina ya Butterworth na Lawrence juu ya jalada lenyewe, herufi zinazosomeka ukiwa upande wa pili wa chumba. Nawataka wachapaji waongeze mstari mmoja, pale kwenye ukurasa wa hakimiliki ambao hatuusomi, unaoeleza familia ya mchoraji inapata kiasi gani kwa kila nakala. Juma lijalo: Storm, na miaka ya Lawrence kwa Waholanzi.