Goma: Kabla ya kumwita mtoto yatima, jamaa yake itafutwe kwanza

Tarehe 25 Septemba 2013, idara ya uhamiaji ya Kongo, DGM, ilisimamisha ruhusa za kutoka inchini kwa watoto waliopewa wazazi wapya wa kigeni. Huko Marekani, Italia, Ufaransa na kwengineko, kitanda cha mtoto kilikuwa tayari. Kwa wengi, mahakama ya Kongo ilikuwa imekwisha kutoa hukumu. Lakini mtoto hakuweza kupanda ndege.

Watoto zaidi ya 1,000 waliguswa na uamuzi huo. Kuna wazazi waliohamia Kinshasa ili wakae na mtoto wao. Wengine walimwona akikua kwenye picha za simu tu. Mwezi wa Mei 2014, watoto 31 waliruhusiwa kwenda Italia. Wengine wengi walingoja mpaka mwisho wa 2015 na mwaka 2016.

Serikali ilisema kwamba kulikuwa karatasi za uongo, na kwamba watoto wengine walitendewa vibaya walikofika, ama walipewa watu wengine. Wazazi waliongoja waliona kwamba wanaadhibiwa kwa kosa la wengine. Lakini hofu ya karatasi za uongo haikuwa ya bure. Mwaka 2015, watoto kutoka eneo la Gemena walifikishwa Ubelgiji kama yatima. Baadaye vipimo vya DNA vilionyesha kwamba wazazi wao wako hai. Wazazi hao walikuwa wameambiwa kwamba watoto wanaenda Kinshasa kwa likizo.

Hapo familia mbili zinaumia pamoja. Kule Ubelgiji, mtoto amekwisha kuzoea nyumba, masomo na lugha. Huku Kongo, mama anangoja. Na mtoto mwenyewe, akiwa mkubwa kidogo, anauliza ametoka wapi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika sheria ya jamaa ya Kongo, ya mwaka 1987, mtoto aliyepewa wazazi wengine habaki bila jamaa yake ya kwanza: uhusiano wao unaendelea. Huko Marekani, kwa kawaida uhusiano huo unakatwa kabisa. Kwa hiyo mzazi wa hapa anaweza kutia sahihi akifikiri kwamba mtoto ataenda kusoma kisha atarudi, na yule wa kule anapokea mtoto akijua kwamba ni wake milele.

Sisi wakaaji wa Goma tunaelewa vizuri namna mtoto anavyoweza kuonekana yatima bila kuwa yatima. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu walikimbilia Sake na Gisenyi usiku. UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walitengana na jamaa zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Wengi walikuwa na baba, mama, ama nyanya aliyekuwa akiwatafuta. Mapigano ya Januari 2025 mjini yalitawanya tena jamaa nyingi.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kutafuta jamaa. Wakati Msalaba Mwekundu unatafuta, mtoto anaweza kukaa katika jamaa ya kumpokea kwa muda, ama katika kituo kama Don Bosco Ngangi.

Kama umemwokota mtoto, mpeleke kwa mkubwa wa kartye na kwa Msalaba Mwekundu. Andika jina lake kama analitaja mwenyewe, kijiji anachokumbuka, majina ya ndugu zake, na mahali ulipomkuta. Usimbadilishie jina, hata kama unampenda kama wako. Na mtu akikuahidia kumpeleka ng'ambo kwa masomo, uliza ni mahakama gani ya watoto imetoa hukumu, na karatasi inasema nini, kabla ya kutia sahihi.

Inawezekana kwamba siku moja mama yake atapiga hodi. Akute mtoto bado anaitwa kwa jina alilompa.