Sanduku la Ng'ombe Hufungwa Kwanza

Wiki ya shoo ikikaribia, boma la mfugaji wa Nyandarua au Uasin Gishu huwa na pilikapilika kama za harusi. Brashi mpya zimenunuliwa, koti jeupe limepigwa pasi, na watoto wamekwisha kubishana nani ataishika kamba mbele ya mwamuzi. Ng'ombe mwenyewe, Friesian wa lita 20 za maziwa kwa siku, anacheua zake bandani, hajui kwamba kesho atapandishwa lori kwenda Jamhuri Park, Nairobi. Na katika vitu vyote vilivyorundikwa mlangoni, aghalabu kinachosahaulika ni maji yake.

Ng'ombe wa maziwa ya kiasi hicho hunywa lita 80 hadi 100 kwa siku, na jua likiwaka huzidisha. Mabomba kiwanjani yapo, lakini mnyama aliyekulia maji ya kisima anaweza kuyanusa ya bomba akageuza kichwa. Asipokunywa vizuri hali vizuri, na maziwa hushuka siku hiyo hiyo. Ndiyo maana wafugaji wazoefu hubeba madumu kadhaa ya maji ya nyumbani ya kuanzia, pamoja na ndoo ile ile anayoijua. Ndoo hiyo haiazimwi, hata jirani akiomba kwa unyenyekevu namna gani. Mate ya mnyama mmoja yakiingia kinywani mwa mwingine, ugonjwa umekwisha panda lori.

Chakula nacho kitoke nyumbani. Tumboni mwa ng'ombe mna vijidudu vinavyosaga majani, navyo huhitaji wiki mbili tatu kuzoea lishe mpya. Ukimbadilishia ghafla, hasa ukimmiminia nafaka nyingi ili ang'ae, utampa tindikali tumboni na kuhara mbele za watu. Pakia nyasi kavu za kumtosha siku zote za maonyesho na akiba ya siku moja, jiwe lake la chumvi, na chakula cha dukani kwa kipimo kile kile cha kila siku. Ongeza magunia ya maranda ya kulalia, sepeto na toroli. Kinyesi hakina likizo.

Karatasi ziwe kwenye mfuko wa plastiki, kwa dereva, si chini ya magunia. Kibali cha kusafirisha mifugo hutolewa na daktari wa mifugo wa serikali, na cheti cha chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo kiwe pamoja nacho. Chanjo haimkingi mnyama siku anayodungwa. Mwili huhitaji muda kujijengea kinga, kwa hiyo anayekimbilia sindano siku ya kupakia amechelewa. Kadi ya ukoo wa ng'ombe, kama amesajiliwa, iingie humo humo.

Vya urembo ni vichache kuliko wengi wanavyodhani: brashi ngumu na laini, sabuni, taulo za kiwele, kamba ya kichwani ya ngozi kwa uwanjani na ya katani kwa bandani, na moja ya akiba kwa sababu kamba hukatika wakati mbaya. Mafuta ya kung'arisha manyoya hayamdanganyi mwamuzi anayejua kazi. Katika jedwali la alama za ng'ombe wa maziwa linalotumika Marekani, kiwele peke yake hubeba alama 40 kati ya 100, na miguu ya nyuma na kwato 20. Kwato hukatwa wiki kadhaa kabla, ili mnyama asifike akichechemea. Kutembea kwa kamba nako hufundishwa nyumbani kwa muda mrefu. Hilo halipakiki.

Wapo wanaochelewesha kukamua ili kiwele kijae na kupendeza. Ni ukatili: chuchu huvuja, kiwele huuma, na kinaweza kuvimba. Ndoo ya kukamulia na dawa ya kuchovya chuchu zisikose, na saa ya kukamua isivurugwe mno.

Sanduku dogo la dawa liwe na kipimajoto, dawa ya vidonda, bandeji na tochi. Joto la kawaida la ng'ombe ni karibu nyuzi 38.5; likipita 39.5 akiwa kivulini, mwite daktari.

Sasa ndipo zamu ya watu. Sweta za alfajiri, kofia za mchana, gambuti, nguo za kubadilisha za watoto, chupa ya chai na chapati. Chakula hiki kikae mbali na mabanda, kwenye chombo chenye kifuniko, na kila mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kukigusa. Mwaka 2012 nchini Marekani, zaidi ya watu 300, wengi wao watoto, waliugua homa ya mafua yenye asili ya nguruwe, na karibu wote walikuwa wamekaribiana na nguruwe kwenye maonyesho ya kilimo. Mtoto mchanga ni afadhali abaki kwa bibi. Na maziwa yanayokamuliwa bandani yachemshwe, hata kama ng'ombe amevikwa utepe wa ushindi.

Kazi ya kupakia huishia nyumbani, na hapa ndipo uchovu huwashinda wengi. Weka kando magadi, ile sodiamu kaboneti inayochimbwa Ziwa Magadi: gramu 400 katika lita 10 za maji huua virusi vya miguu na midomo. Osha kwa maji hayo gambuti, ndoo na sakafu ya lori kabla ya kuingia bomani. Ng'ombe akae peke yake siku 14, kwa kuwa ugonjwa huo huweza kujificha muda wote huo, na ahudumiwe wa mwisho baada ya wenzake. Akianza kutoa mate mengi au kuchechemea, mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, wala usimpeleke josho au sokoni.