DRC-Afya: Kwa nini bakteria hawaachani na usugu wa dawa? Sumu wanayoibeba ndani yao ni sehemu ya jibu

Mtoto anafikishwa hospitalini na homa kali. Muuguzi anaanza na antibiotiki ya kawaida, siku zinapita bila nafuu. Dawa inabadilishwa, homa iko palepale. Waganga wengi nchini DRC wanaijua hali hii: bakteria walioingia katika damu wamekwisha kuwa sugu.

Mwaka 2019, watafiti wa INRB ya Kinshasa, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, na wengine wa Uingereza, walieleza kuhusu aina ya salmonela iliyopatikana katika damu ya wagonjwa wa DRC. Ilikuwa sugu kwa dawa nyingi, zikiwemo seftriaksoni na azitromisini. Jeni za usugu kwa dawa hizo mbili zilikuwa kwenye plasmidi, yaani kipande cha ADN, kwa kawaida chenye umbo la pete, ambacho bakteria hukibeba kando ya ADN yake kuu na anaweza kumpatia jirani yake.

Kubeba plasmidi kunamgharimu bakteria nguvu. Basi kwa nini haitupi pale dawa inapoacha kutumiwa? Sehemu ya jibu iko katika jozi za protini ambazo plasmidi nyingi huzibeba: sumu moja na kiuasumu chake.

Mgeni asiyefukuzika

Mwaka 1983, Wajapani Teru Ogura na Sota Hiraga walieleza jozi ya namna hiyo katika plasmidi iitwayo F, ya bakteria wa utumboni Escherichia coli. Sumu inaitwa CcdB, kiuasumu kinaitwa CcdA.

Ni kama mgeni aliyewalisha wenyeji sumu, kisha kila asubuhi anawagawia dawa ya kuituliza. Akiwa nyumbani, hakuna anayeumwa. Siku wakimfukuza, dawa inakoma na sumu inabaki tumboni.

Siri iko katika muda. CcdB ni imara, inadumu. CcdA ni dhaifu: mwaka 1994, Laurence Van Melderen na wenzake wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels (ULB) walionyesha kwamba kimeng'enya cha bakteria kiitwacho Lon kinaikatakata CcdA. Kwa hiyo lazima itengenezwe upya bila kukoma, na maagizo ya kuitengeneza yako kwenye plasmidi. Bakteria akijigawa, na mtoto mmoja akazaliwa bila plasmidi, anarithi protini zote mbili lakini hawezi kutengeneza nyingine. Kiuasumu kinaisha kwanza, naye anakufa. Wanaobaki hai ni wale wenye plasmidi.

Mkato usiofungwa

Sumu hiyo inaua vipi? ADN ya E. coli ikinyooshwa ina urefu wa karibu milimita moja na nusu, lakini imekunjwa ndani ya mwili wenye urefu wa takriban sehemu mbili kwa elfu za milimita. Wakati wa kunakiliwa, uzi huo hujisokota mno. Kimeng'enya kiitwacho jirase ndicho kinachoutuliza: kinakata nyuzi zote mbili za ADN, kinapitisha sehemu nyingine katikati ya mkato, kisha kinaunga tena.

Mwaka 1992, Philippe Bernard na Martine Couturier, pia wa ULB, walionyesha kwamba CcdB inaikamata jirase wakati imekwisha kukata na kabla haijaunga. Mkato unabaki wazi. Mitambo ya kunakili ADN inakwama hapo, bakteria anarefuka bila kuweza kujigawa, mwishowe anakufa.

Siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro, inashambulia jirase hiyohiyo na kuacha mikato ya aina hiyo. Hata hivyo, CcdB inashika sehemu tofauti ya kimeng'enya hicho. Mabadiliko ya jirase yanayompa bakteria usugu kwa sipro hayako mahali hapo. Ndiyo maana watafiti wanaiangalia CcdB kama kielelezo cha kubuni dawa mpya.

Si sumu moja tu

Sumu nyingine zina njia zake. MazF haigusi ADN. Inakata ARN, ujumbe unaobeba maagizo ya jeni, kila inapokuta herufi ACA. DarT inabandika kemikali juu ya ADN yenyewe na kuzuia isinakiliwe, naye mwenzake DarG anaibandua. Bakteria wa kifua kikuu, ugonjwa ambao OMS inaihesabu DRC kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi, ana jozi zaidi ya 80 za sumu na kiuasumu.

Kwa miaka kadhaa iliaminika kwamba sumu hizi ndizo pia zinazowalaza bakteria usingizi ili dawa isiwaue. Imani hiyo imetikisika. Mwaka 2018, makala mashuhuri ya 2013 iliondolewa na waandishi wake, baada ya kugundulika kwamba baadhi ya bakteria wa majaribio walikuwa wameambukizwa kirusi kilichoharibu matokeo. Mwaka huohuo, maabara ya Van Melderen ilirudia majaribio kuhusu E. coli na haikuona mchango huo.

Lililothibitika ni lile la plasmidi, nalo lina uzito kwa wagonjwa. Plasmidi kadhaa za jamii ya F, zenye CcdA na CcdB, zimekutwa zikibeba jeni za kuivunja seftriaksoni. Kupunguza matumizi ya dawa hiyo ni muhimu, kwa sababu kunawanyima bakteria sugu nafasi ya kuwashinda wenzao. Lakini peke yake hakuhakikishi kwamba usugu utaondoka, maana plasmidi imewafunga wenyeji wake.

Ndiyo sababu kuzuia usugu usiingie ni rahisi kuliko kuufukuza. Kupima damu kabla ya kuchagua dawa, kutonunua antibiotiki kwenye farmasi bila agizo la daktari, maji safi na mikono iliyonawishwa: hayo ndiyo yanayopunguza nafasi ya plasmidi kupata mwenyeji mpya.